Gari ya EFI ya zamani inapiga starta vizuri ila inachelewa kushika, naanzia wapi?

Kibuyu93:
Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana huu ni mwezi wa pili nahangaika na kila ninayemuuliza ana jibu lake. Gari ni sedani ya Kijapani ya mwaka 1993, injini ya petroli 1.6, EFI (mafuta yanapulizwa kwa kompyuta, sio kabureta) ile ya zamani yenye distributa (kigawa moto wa plagi), gia za mkono. Imetembea sana ila injini haijawahi kufunguliwa.

Tatizo lenyewe ni hili: asubuhi ikishalala usiku kucha nikipiga starta inazunguka vizuri tu, kwa nguvu, ila haishiki. Nahesabu moja mpaka saba, siku nyingine nane, ndo inakohoa mara moja, inashika kwa shida, inatetemeka kidogo halafu inatulia na kuanzia hapo gari safi kabisa, haimisi, sailensa (mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama) imetulia, mlima inapanda bila shida. Nikizima na kuwasha papo hapo inashika hata ufunguo sijaumaliza kuuzungusha. Lakini nikiiegesha nusu saa au saa nzima nikirudi ni yale yale, labda sekunde nne tano hivi.

Mpaka sasa nimeshabadilisha betri, plagi zote nne na filta ya mafuta. Fundi wa kwanza alisema betri, nikanunua, hamna kilichobadilika. Wa pili anasema starta imechoka. Wa tatu anataka tushushe injekta zote, zile za kupulizia mafuta. Sitaki tena kununua kitu kwa kubahatisha wakuu, nataka kujua kwanza. Taa ya cheki injini inafanya kazi kawaida, inawaka nikiweka swichi on na inazima injini ikiwaka, safarini haijawahi kuwaka.

Nyundo7:
Hiyo presha ya mafuta mkuu, inashuka gari ikilala. Kesho asubuhi jaribu hivi, weka swichi on bila kupiga starta, sikiliza kule kwenye tangi pampu itaunguruma kama sekunde mbili halafu itanyamaza, zima, rudia mara tatu nne, ndo upige starta. Ikishika haraka jibu unalo. Na weka dawa ya kusafisha injekta kwenye tangi haitakudhuru.

MzeeSpana:
Kibuyu93 nimekusoma mpaka mwisho na nikushukuru umeeleza vizuri, maana watu wengi wanaandika tu "gari haiwaki" na sisi tunabaki kupiga ramli. Kwenye maelezo yako kuna kitu kimoja ambacho mafundi wako watatu walitakiwa wakisikie kwanza. Umesema starta inazunguka kwa nguvu. Sasa kuna gari inayozunguka polepole na kuna gari inayozunguka vizuri ila haishiki, hayo ni magonjwa mawili tofauti kabisa hata kama mwenye gari anayaita jina moja. Inayozunguka polepole ndo unaenda kwenye betri, tamino, waya wa hasi unaokwenda kwenye bodi na kwenye bloku ya injini, na starta yenyewe, brashi zake na zile kopa za solenoidi zinazolika. Inayozunguka vizuri starta umeshaisamehe, hiyo tafuta mafuta, moto wa plagi, au taarifa ya uongo inayokwenda kwenye ECU, yaani kompyuta ya injini.

Ila kwa kuwa tayari umetumia hela kwenye betri tufunge huo mlango kabisa ili asije fundi mwingine akaufungua. Chukua mita, weka kwenye tamino za betri gari ikiwa imelala, isome kama volti 12.6, ikiwa 12.2 betri iko nusu. Halafu mtu apige starta wewe unaangalia mita, isishuke chini ya 9.6 hivi. Baada ya hapo weka waya mmoja wa mita kwenye nguzo ya hasi ya betri na mwingine kwenye chuma kisafi cha bloku, piga starta tena, ukiona zaidi ya nusu volti basi waya wa hasi una kutu au umelegea. Hiyo ya mwisho ifanye hata kama starta inasikika nzuri, kwa sababu volti zikiwa chini wakati wa starta cheche ya plagi nayo inakuwa dhaifu na injekta zinachelewa kufunguka, na wewe huoni kitu kwa macho.

Hapo hapo ukiwa unapiga starta angalia mshale wa RPM kama gari yako unao. Ukitikisika kidogo, ishara ya mzunguko inatoka kwenye distributa. Ukilala chini kabisa muda wote wa kuzungusha halafu ukaruka injini inaposhika, nitakuwa na maneno mengine na wewe.

Kuhusu dawa ya injekta, Nyundo7 simpingi kwa ubaya, lakini injekta chafu inakupa misi na sailensa mbovu muda wote, haichagui asubuhi peke yake. Huyu gari yake ikishashika ni safi.

Kibuyu93:
Asanteni sana. Nimefanya asubuhi hii kabla sijaenda popote. Betri 12.6, wakati wa starta imeshuka mpaka 10.4 ikabaki hapo. Kutoka hasi mpaka bloku 0.15. Mshale wa RPM unatikisika kidogo tangu mwanzo.

Sasa kinachonitisha ni ile ya Nyundo7. Nimeweka swichi on, nimezima redio, vioo vyote juu, mke wangu kaweka sikio kwenye siti ya nyuma, hamna mlio wowote. Nimerudia mara tano, kimya. Kupiga starta sekunde saba kama kawaida. Ina maana pampu imekufa? Au rilei, ile swichi yake ya umeme? Mbona ikishawaka inakwenda vizuri?

binti_boneti:
Kaka Kibuyu usinunue pampu! Hapa ndo watu wengi wanapotea. Hiyo ya swichi on pampu inaunguruma sekunde mbili ni kweli kwa gari nyingi, ila sio zote. Gari nyingi za Kijapani za miaka ya 80 na 90, Toyota hasa, ukiweka swichi on pampu haifanyi kitu. Rilei yake inasubiri umeme wa starta, yaani pampu inaanza kuzunguka pale pale injini inapoanza kuzungushwa, na ECU ikishaona injini inazunguka inaishikilia iendelee. Ukimya uliousikia ni kawaida kwa gari ya namna hiyo, na ule mtihani wa kuwasha na kuzima swichi kwenye gari yako haupimi chochote.

Na ndo maana kwenye hizi gari presha ikishuka usiku unaisikia zaidi. Ile nyingine pampu ina sekunde mbili za kujaza kabla hujafika kwenye starta, yako inaanza sifuri huku starta tayari inazunguka. Fikiria paipu ndefu kutoka tangi mpaka reli ya injekta (bomba linalogawa mafuta kwa injekta), ina hewa na mvuke ndani, mpaka ijae na presha ipande ushahesabu saba.

Cha kufanya, fungua boneti utafute kale kaboksi keusi ka plastiki kameandikwa DIAGNOSIS. Fungua kifuniko, upande wa ndani kuna ramani ya herufi. Tafuta FP (tundu la pampu ya mafuta) na +B (tundu la umeme). Asubuhi gari ikiwa imelala usiku kucha unganisha hizo mbili kwa kipande cha waya, weka swichi on, USIPIGE STARTA bado. Hapo sasa utaisikia pampu. Iache sekunde kumi, toa waya, piga starta. Angalia vizuri herufi kabla ya kuunganisha, hesabu mara mbili, maana ukikosea tundu unaweza kuunguza kitu ambacho hakikuwa kibovu. Kama gari yako sio ya aina yenye FP basi tuambie tutafute njia nyingine, usilazimishe.

Ngurumo:
Nawakumbusha na sensa ya joto la maji ile ya ECU, sio ile ya geji ya dashibodi, ni mbili tofauti. Ikidanganya kwamba injini ni ya moto wakati ni ya baridi, ECU inapima mafuta kidogo asubuhi na gari inachelewa kushika. Kupima ni rahisi tu, chomoa soketi yake weka mita kwenye ohm, injini ikiwa baridi nyuzi kama 20 hivi usome elfu mbili mpaka elfu tatu, ikishapata moto kabisa ishuke kwenye mia mbili mpaka mia nne. Na hiyo sensa inaweza kudanganya bila taa kuwaka, kwa sababu ECU inawasha taa waya ukikatika au ukishoti, ila sensa ikisoma namba inayowezekana japo ya uongo ECU inaiamini.

MzeeSpana:
Umenena Ngurumo. Na binti_boneti amenisahihisha hata mimi, nilitaka kumwambia akague rilei.

Kibuyu93:
Wakuu. WAKUU. Nina furaha sijui niseme nini.

Kaboksi nimekaona, FP na +B zipo. Asubuhi nimeunganisha, swichi on, pampu ikalia kule nyuma vizuri kabisa, na mbele kwenye reli nikasikia mafuta yanapita ssss halafu sauti ikabadilika ikawa nzito. Nikahesabu kumi, nikatoa waya, nikapiga starta, ikashika papo hapo. Papo hapo! Miezi miwili sijaisikia ikiwaka hivyo asubuhi.

Sensa ya joto nimepima pia, baridi 2400, ikiwa moto 310. Kwa hiyo hiyo nzima?

Sasa najua ni presha inashuka, ila inashukia wapi? Yule fundi wa injekta nikimwambia hivi atasema unaona, injekta zinavuja.

MzeeSpana:
Anaweza kuwa sahihi, ndo maana tunapima. Mafuta yaliyobaki kwenye reli yana milango mitatu ya kutorokea. Wa kwanza kurudi nyuma kwenye pampu, pale mdomoni mwa pampu kuna valvu ndogo ya kuzuia mafuta yasirudi kwenye tangi. Wa pili ni rejuleta ya presha (kidhibiti presha) mwishoni mwa reli, inapitisha kwenye mpira wa kurudishia tangi au kama ngozi yake ya ndani imepasuka inapitisha kwenye kale kampira ka vakyumu (mvuto wa hewa wa injini). Wa tatu ni injekta kudondosha ndani ya manifoldi.

Kabla ya geji anza na kitu cha bure. Chomoa kampira ka vakyumu kwenye rejuleta, nusa, weka kidole. Kukiwa na mafuta au harufu kali ya petroli rejuleta imekwisha na kazi imekwisha. Halafu injekta ikidondosha usiku, asubuhi unapata moshi mweusi na harufu ya mafuta mabichi inapowaka, na ukikanyaga mafuta mpaka chini ukiwa unapiga starta inashika upesi zaidi, kwa sababu gari nyingi za EFI zinapunguza au zinakata kabisa mafuta ukikanyaga hivyo. Je unaona moshi?

Kama kote huko ni kukavu, azima geji ya presha ya mafuta. Sehemu nzuri ni kwenye boliti ya filta ya mafuta, upande wa kwenda injini. Sikiliza hapa vizuri ndugu yangu, hayo mafuta yana presha hata injini ikiwa imezimwa, na petroli ikirushwa kwenye injini ya moto haisamehe mtu. Fanya injini ikiwa baridi, toa tamino ya hasi, zungushia kitambaa kinene boliti ukiifungua taratibu, hakuna sigara, hakuna taa ya balbu ya umeme karibu, kizima moto kiwe mkononi mwa mtu. Zile washa (vipete) za boliti weka mpya, usirudishe za zamani.

Ukishafunga geji, rudisha tamino, unganisha FP na +B, swichi on. Kwa aina nyingi za hiyo injini ya kizazi chako presha bila mpira wa vakyumu inakuwa psi (kipimo cha presha) 38 mpaka 44. Zima, anza kuhesabu. Baada ya dakika 5 isiwe chini ya psi 21. Ikishuka, panda tena, zima na hapo hapo bana mpira wa kurudishia mafuta kwa klampu yenye midomo laini. Ikikaa, rejuleta. Ikishuka vile vile, rudia kwa kubana mpira wa kupeleka mafuta karibu na tangi. Ikikaa, ni kule kwenye tangi. Ukibana yote mawili na bado inashuka, mwite yule fundi wa injekta umpe mkono. Bana mpira tu, paipu ya plastiki ngumu ukiibana unaipasua.

Kibuyu93:
Moshi mweusi hamna. Kampira ka vakyumu kakavu, hata harufu hamna.

Geji nimeazima jana, leo nimefanya na rafiki yangu. Ikapanda psi 41. Nikazima, jamani mshale unaonekana kwa macho unavyoteremka, dakika moja na nusu uko 10, dakika ya tatu umelala sifuri. Nikabana wa kurudishia, vile vile. Nikabana wa kupeleka kule nyuma chini ya gari, ukashuka kidogo mpaka 37 ukasimama. Dakika 5 uko 37. Tukakaa tukapiga stori dakika 20, uko 35. Nimerudia mara mbili jibu ni lile lile.

Kwa hiyo ni valvu ya pampu, ninunue pampu nzima?

binti_boneti:
Safi sana kaka, hiyo kazi umeifanya kuliko gereji nyingi. Injekta zako nzima na rejuleta nzima, geji imesema.

Ila USINUNUE pampu kabla hujaitoa na kuiangalia. Ndani ya tangi, kati ya mdomo wa pampu na paipu ya chuma inayotoka nje, kuna kipande kifupi cha mpira, urefu wa kidole hivi, kimefungwa klampu mbili. Kimeogelea kwenye petroli miaka thelathini. Kikipata ufa au klampu ikilegea, gari ikiwa inatembea huoni kitu kwa sababu pampu inatoa mafuta mengi kuliko injini inavyokula na kinachovuja kinarudi humo humo kwenye tangi, hakidondoki chini, hakinuki. Ukizima tu reli yote inajimwaga kupitia huo ufa. Kwenye geji inafanana kabisa na valvu mbovu, hamna njia ya kutofautisha ukiwa nje.

Pampu ukiitoa safisha vumbi juu ya kifuniko kwanza lisidondoke kwenye tangi, na tangi liwe na mafuta kidogo. Na mpira wa kuweka sio mpira wowote wa petroli. Ule wa kawaida umetengenezwa kubeba mafuta ndani, ukiuzamisha ngozi ya nje inavimba na kumeguka na vipande vinaziba chujio la pampu. Tafuta ulioandikwa SAE J30R10, huo ndo wa kuzamishwa. Ni ghali ukilinganisha, lakini unahitaji kipande kidogo tu.

Nyundo7:
Nimejifunza hapa. Ile ya pampu kukaa kimya sikuwa naijua, gari zangu zote zilikuwa zinaunguruma.

Kibuyu93:
Narudi na majibu wakuu, imechukua siku kadhaa kuupata huo mpira.

Nimetoa siti ya nyuma, kifuniko skrubu zilikuwa na kutu nikazilowesha usiku mzima. Pampu imetoka na kale kampira kanaonekana kazima tu ukikaangalia hivi hivi, keusi, kamenyooka. Nikakashika nikakapinda kwa vidole, ndo ufa ukafunguka upande wa chini kwenye klampu, kama mdomo, urefu nusu ya ukucha. Ukikaachia unajifunga tena huuoni. Nilikaa nao mkononi muda mrefu sana nikiufungua na kuufunga. Miezi miwili, betri, plagi, filta, nilikuwa nakaribia kununua starta, na kumbe ni huu.

Pampu nikaipulizia kwa mdomo upande wa kutolea, haipitishi hewa kurudi, nikaona valvu iko hai. Nikaweka mpira mpya na klampu mpya, oringi (pete ya mpira) ya kifuniko mpya. Geji: 42, baada ya dakika 5 iko 38. Nikaiacha usiku kucha na geji yake, asubuhi iko 29. Nikapiga starta, hata moja sijamaliza kuhesabu.

Leo ni siku ya sita. Nimemwambia na yule fundi wa starta, nikampelekea ule mpira auone, akaupinda mwenyewe mara tatu nne akaniomba abaki nao gereji kwake awaonyeshe vijana wake. Nimemwachia.

MzeeSpana:
Hongera sana mwanangu. Kuna kitu kimoja tu bado, ukijaza tangi mara ya kwanza mpaka juu, toa siti unuse kwenye kile kifuniko na upitishe kidole kuzunguka oringi. Oringi ikikaa vibaya haionekani mafuta yakiwa robo.

Kibuyu93:
Nimejaza jioni hii mzee wangu nikatoa siti kama ulivyosema. Pakavu, harufu hamna. Nimeiacha bila siti mpaka kesho niangalie tena.